Hii barza ni ya nani? Kusoma manyumba ya zamani ya magazini mu Lubumbashi

Siku moja nilikuwa mu taksi-bisi natoka Kenya naenda Ville, watu wakaanza kubishana juu ya magazini moja (duka) ya zamani yenye walikuwa wanabomoa. Papa mumoja anasema acha ianguke, ni nyumba ya mukoloni, tutaililia ya nini. Mama mwenye alikuwa na beseni ku magoti anamujibu hapana papa, manyumba ya vile Leta, yaani serikali, inakataza kugusa. Kijana wa kukusanya makuta naye akaingilia, nyumba ni ya mwenyewe lakini barza ni ya Leta, ile hata mutoto anajua. Mpaka tunashuka hakuna mwenye alikubali. Wote watatu walikuwa na kipande ya ukweli na wote watatu walikuwa wamechanganya mambo, na ni machanganyiko ile ile nasikiaka kila mara nyumba moja ya zamani inaanguka mu mji yetu. Njo maana nimeona tukae chini tuifungue pole pole.

Tuanze na maneno, juu maneno njo inatupotezaka.

Mutu wa Lubumbashi akisema naenda Ville, hasemi mji wote. Anasema ile katikati ya zamani yenye maavenyu ya kunyooka, posta, katedrali, mabanki na safu ya mamagazini. Zamani ile ilikuwa mji ya Wazungu. Sité ni kule Weusi waliruhusiwa kukaa, ya kwanza yenye tuko nayo mpaka leo ni Kamalondo, kisha zikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya Ville na sité kulikuwa nafasi wazi, Wabelgiji waliiita zoni netri, nafasi yenye haikuwa ya huku wala ya kule. Na barza ni ile njia ya kufunikwa mbele ya magazini, paa inatoka mbele, inasimama juu ya manguzo, na wewe mwenye kupita unatembea chini yake bila kuchomwa na jua. Fikiria ukingo wa kofia. Kofia ni nyumba, ukingo ni barza, na uso yenye inafunikwa ni yako wewe mupita njia.

Sasa mji yenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, ikaitwa Élisabethville, jina la malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na hili jina la leo, lenye kutoka ku muto Lubumbashi, likakuja mwaka 1966. Mwenye kuchagua kiwanja alikuwa Emile Wangermée, mukubwa wa serikali ya koloni huku Katanga. Hakuchagua juu ya uzuri wa mahali. Alichagua juu ya mukuba, ao shaba kama wenzetu wengine wanasema. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya kuchimba mukuba, ilikuwa imeundwa mwaka 1906 na ilitaka pa kuweka tanuru yake, na reli ilikuwa inapanda toka kusini, toka Rhodesia, ikapita Sakania ikafika hapa mwaka ule ule 1910. Mwaka 1911 mukuba ya kwanza ikatiririka. Kwa hiyo shikeni hii jambo moja: mji yetu haikuzaliwa na soko, wala na jumba la mufalme, ilizaliwa na gari ya moshi na tanuru, na mamagazini ilikuja kukimbilia mishahara yenye ilikuwa inalipwa pale.

Ndiyo maana pia Ville iko na maavenyu ya kukatana vizuri kama mistari ya daftari ya hesabu. Mutu akichora mji haraka haraka juu ya karatasi, mbele watu hawajafika, anachoraka mistari ya kunyooka, anakata maparseli (viwanja vya kujenga), anaziuza. Haikuwa ufundi ya ajabu, miji ingine ya reli kule kusini ilichorwa vile vile. Na juu reli ilitoka upande wa Waingereza, miaka ya kwanza pesa ya paundi ilikuwa inatembea huku, na nyumba nyingi ya kwanza ilikuwa ya manjanja (mabati), paa manjanja, ukuta manjanja, vipande vyenye vinafika na treni vinafungwa na bolti. Ile karibu yote imeenda. Mutu mwenye anaona magazini ya matofali ya miaka ya 1920 na kusema "hii njo Lubumbashi ya kwanza", anaona tayari mji ya pili.

Na ile matofali ilitoka wapi? Chini ya miguu yetu. Katanga iko na vichuguu vikubwa kama vilima, mutu anaweza kupanda juu yake kama juu ya nyumba, na udongo ya kichuguu inashikana vizuri sana, mchwa wamekwisha kuitwanga. Mpaka leo mutu wa Lubumbashi akitaka kujenga anatafuta kwanza kama kuko kichuguu mu parseli, juu kichuguu ni matofali, na matofali ni pesa. Wale wenye kufinyanga, wenye kuchoma, wenye kubeba na kupanga moja juu ya ingine walikuwa Wakongo, na wengine walitoka mbali kutafuta kazi. Karatasi ya plani iko na jina ya Mubelgiji. Mikono yenye ilisimamisha ukuta haiko na jina popote.

Hapa njo tunafikia uongo ya kwanza, ile ya "nyumba ya Mubelgiji". Kweli Wabelgiji walikuwa na serikali, Union Minière, mahakama, kanisa na mabanki. Lakini ukisema magazini, yaani kitambaa, chumvi, baiskeli, samaki, taa ya petroli, unasema mara mingi watu wengine kabisa. Kulikuwa Wagiriki, wenye walikuwa wanaleta ku Élisabethville samaki ya muto Luapula na ziwa Moero toka Kasenga. Kulikuwa Wareno, Waitalia, Wahindi. Na kulikuwa Wayahudi wa kisiwa Rhodes, watu wenye walitoka mu bahari ya Mediterania wakishuka na familia kwa familia, kaka anaita mudogo, mudogo anaita shemeji. Walikuwa wengi kutosha mpaka wakajenga sinagogi yao, plani ya Raymond Cloquet, ikakwisha karibu 1930, na ingali inasimama mpaka leo.

Hawa watu mu macho ya Wabelgiji hawakuwa Wazungu kamili. Mubelgiji mwenye kazi ya Union Minière ao ya serikali alikuwa anajua mwaka fulani atarudia kwao. Mugiriki wa magazini hakuwa na mwenye kumungojea. Nyumba yake ilikuwa maisha yake yote, na unaiona mu ujenzi: chini magazini, nyuma depo, juu etaji ya kukaa na familia na balkoni ndogo ya kuangalia barabara, na ku mwisho wa kiwanja boyeri, kachumba ya mufanyakazi. Biashara na kulala mu nyumba moja. Angalia magazini za zamani za kona utaona mulango iko ku kona yenyewe, imekatwa mushazari, ili mutu wa avenyu hii na mutu wa avenyu ile wote waione. Juu kabisa mara ingine kuko ukuta kidogo yenye kuinuka kama kipaji cha uso, pale wengine walikuwa wanaandika mwaka ao jina. Huyu muchuuzi hakuwa anaweka pesa mu mapambo ya ndani, aliiweka pale mutu wa kupita ataona.

Bon, tufike ku barza yenyewe, juu pale njo roho yangu iko.

Watu wengi, hata wenye kusoma, wananiambiaka "barza" ni Kifaransa. Ni kinyume. Ni neno letu baraza. Kule pwani baraza ni kile kikao cha mawe mbele ya nyumba, pale wageni wanakaa bila kuingia ndani, na tena ni mukutano ya wazee. Neno likapanda na misafara, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huku mbele ya Wabelgiji, wakati wa mufalme Msiri kule Bunkeya, mwenye aliuawa mwisho wa 1891. Wabelgiji walipofika wakaona veranda, wakasikia watu wanaita baraza, wakakata sauti moja mu katikati wakaandika barza. Kisha sisi tukalichukua tena mu mikono yao, tukisahau kama lilikuwa letu. Neno limetoka nyumbani, limeenda kufanya kazi kwa watu, likarudia na nguo ingine.

Kazi ya barza ni rahisi kueleza. Huku kwetu saa sita jua inasimama karibu juu ya kichwa, na ukuta ya matofali yenye inapigwa na jua inashika moto yote, inaingiza moto ndani mpaka magaribi. Ukiweka paa ya mita mbili ao tatu mbele, jua haigusi ukuta tena. Magazini inabaki na baridi, kitambaa mu vitrini haichakai rangi, na muuzaji anaweza kuacha milango wazi upepo ipite. Na wakati ya mvula, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, ile mvula yetu haina adabu, inamwaga yote mara moja. Mutu anakimbilia barza. Akiisha kukimbilia anageuka, anaangalia vitrini. Muchuuzi wa zamani alijua ile hesabu vizuri sana, barza ilikuwa inamukamatia wateja.

Lakini ilikuwa na kazi ingine yenye hakuna mutu aliichora mu plani. Ville ya wakati ule ilikuwa ya Wazungu, na usiku Mweusi hakuruhusiwa kuzunguka mule bila karatasi. Kwa hiyo uongo ya pili, yenye vijana wanasemaka, "babu zetu hawakuwa wanaingia Ville", haiko kweli hivyo. Waliingia kila siku. Waliingia asubuhi na mguu, wakafanya kazi, wakanunua, jioni wakatoka. Kilichokatazwa ni kulala na kubaki. Na mahali pa kusimama mu mji yenye hairuhusu ubaki, palikuwa pale chini ya barza: haiko ndani ya magazini, haiko mu barabara, hakuna mwenye atakuuliza haraka unafanya nini pale. Fundi wa nguo aliweka mashini yake ya kushona pale, mbele ya magazini yenye kuuza kitambaa. Mutu ananunua yadi ndani, anatoka hatua mbili, anapimwa. Mpaka leo ukipita maavenyu ya zamani utakuta fundi na mashini ya mikono ao ya miguu chini ya barza, pembeni yake mukambisti, mutu wa kubadilisha pesa, na mafungu yake ya franka, pembeni mama wa kuuza kadi za simu. Hakuna mwenye aliwapangia. Ujenzi yenyewe iliwaita.

Sasa zoni netri, juu hapa kuko uongo yenye nguvu zaidi, yenye iliandikwa hata mu mabarua ya serikali. Walisema nafasi ile ni juu ya mbu. Mbu anatoa malaria ku Mweusi anaipeleka ku Muzungu, na mbu haruki mbali sana, kwa hiyo tuweke mamia ya mita bila nyumba, mbu atachoka njiani. Kwa masikio ilionekana kama sayansi. Lakini fikiria: mupishi, mufagiaji, muyaya wa watoto, wote walikuwa wanashinda Ville mu nyumba za Wazungu, na wengine walilala mule mu boyeri. Mbu yenye inaogopa sité lakini haiogopi boyeri ni mbu ya namna gani? Kwa kweli nafasi ilikuwa ya kutenganisha watu, na mbu alipewa kubeba lawama. Karibu mwaka 1921 sité ikasukumwa mbali na Ville, ikawa Cité Albert, na ile njo Kamalondo ya leo. Nafasi yenyewe haikubaki tupu, pole pole ikajazwa na vitu vyenye havina mwenyewe: hospitali, mashule, viwanja. Ukitoka Ville na mguu kwenda Kamalondo leo, ukasikia mamagazini yanakatika gafula na unapita kuta ndefu za yale mahospitali na mashule kisha tena manyumba zinaanza kubanana, umekwisha kupita zoni netri. Hakuna kibao, lakini miguu inaijua.

Kamalondo nayo iko na ujenzi wake wa biashara, na inaniuma vile watu wanaongea "arkitektura ya Lubumbashi" na kusimama ku posta. Kule maparseli yalikatwa madogo, nyumba inakaribia barabara, na mutu mwenye alitaka kuuza alifungua salo yake: dirisha ya mbele inakuwa kaunta, mulango ya mbele inakuwa ya wateja, familia inaingilia nyuma. Kisha anaongeza manjanja mbele juu ya miti mbili, watu wapate kivuli wakingojea. Ni barza ile ile. Ya Ville iko na nguzo ya simenti yenye mistari, ya Kamalondo iko na muti ya mukaratusi, lakini wazo ni moja. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wanapewa posho, yaani unga na chakula cha juma, kwa hiyo pesa kidogo yenye ilibaki ilitafuta kitambaa, baiskeli, sahani, fonografu, na mamagazini ya sité na yale ya ku mupaka na Ville yalijipanga kufuata ile mifuko.

Juu ya mastili nitapita haraka, juu watu wanapotea mule bila sababu. Kuko mawimbi mawili, na yote mawili yalifuata bei ya mukuba. Ya kwanza ni miaka ya 1920 mpaka mwanzo wa 1930: matofali, katedrali ya Saints-Pierre-et-Paul, kisha ile wanaita ardeko, yaani kona za kuviringa, mistari ya kulala juu ya ukuta, ngazi ngazi ku kichwa cha nyumba. Kisha dunia ikaanguka mu mushida ya pesa ya miaka ya 1930, Union Minière ikafukuza wafanyakazi, na ujenzi ikanyamaza. Ya pili ni miaka ya 1950, mukuba imepanda tena: beto (zege), vioo, maetaji, na zile mbao za simenti mbele ya madirisha zenye kukinga jua, kama mutu anaweka mukono juu ya macho. Mufano yenye kila mutu anajua ni ile teatri ya mji, ya Claude Strebelle na wenzake, yenye ilifunguliwa mwaka 1956 na tunaiita leo Batima ya 30 Juin. Ukiona nyumba ya magazini, jiulize tu kona yake inaviringa ao ina mukono juu ya macho, na uko karibu kujua ni ya wimbi gani.

Kisha uhuru, kisha Katanga kujitenga toka Julai 1960 mpaka Januari 1963, kisha jambo yenye iligusa mamagazini kuliko vita yote: zairianizasio ya tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu akasema biashara za wageni zipewe Wazairwa, vile Wakongo waliitwa wakati ule. Mugiriki, Mureno, Muhindi akatoa funguo, na mutu mwingine akapewa magazini, etaji, depo, na mali yote ndani. Wengine walijua biashara, wengi walipewa juu walikuwa wa karibu na wakubwa. Mali ikauzwa, haikurudishwa. Na nyumba yenye ilijengwa na mutu wa kulala juu ya duka lake ikabaki na mutu mwenye anakaa ngambo ingine ya mji. Etaji zikawa depo, ao zikabaki na njiwa. Kisha ya miaka michache serikali ikajaribu kurudisha, lakini wengi hawakukuja tena. Kisha uporaji ya 1991 ikavunja vitrini, na watu wakaweka machuma ku madirisha, na machuma ingali pale. Kwa hiyo ukiona magazini ya zamani imechoka, usiseme haraka uzee. Nyumba inakufa mbele sana juu ya kukosa mwenye kulala ndani yake, mwenye atasikia tone ya kwanza ya mvula kupita mu manjanja.

Turudi sasa ku taksi-bisi. Papa alisema ianguke, ni ya mukoloni. Nimekwisha kumujibu: pesa ya mugeni, udongo ya kichuguu yetu, mikono ya babu zetu, na jina la Kiswahili. Mama alisema Leta inakataza kugusa. Mama iko na haki nusu. Kuko sheria, ordonansi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, yenye inalinda mali ya utamaduni, na nyumba yenye imeklasiwa, yaani Leta imeiandika kama mali ya kulindwa, haiwezi kubomolewa ao kubadilishwa bila ruhusa. Lakini uzee peke yake hauklasi nyumba. Ni mpaka Leta iandike karatasi kwa nyumba ile ile, na jina yake. Nyumba ya 1928 yenye haijaandikwa iko mu sheria sawa na nyumba ya juzi: mwenyewe anatafuta ruhusa ya kujenga ku ofisi ya Urbanisme, na anabomoa.

Kijana wa makuta njo alikaribia zaidi, na njo alichanganya zaidi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo yote ya Kongo ni ya Leta. Wewe mwenye sertifika, ile karatasi ya parseli, uko na haki ya kuikalia, Mukongo anaweza kupata konsesio ya daima, yaani haki ya kuikalia bila mwisho, na nyumba juu yake ni mali yako. Ni kama mutu mwenye kupanga chungu juu ya mafiga ya mwingine: chungu ni yake. Kwa hiyo barza? Inategemea nguzo inasimama wapi. Kama inasimama ndani ya mipaka ya parseli, barza ni ya mwenye nyumba hata kama watu wote wanapita pale toka miaka mia. Kama inasimama mu trotwari, njia ya wenye kutembea na mguu, iko juu ya barabara ya wote, na mwenye nyumba haruhusiwi kuifunga. Jibu iko mu kroki, ile mchoro yenye inafuata sertifika, haiko mu mudomo ya jirani.

Na hii haiko maneno ya bure, juu kinachotokea sasa mu Ville hakianze na kubomoa. Kinaanza na barza. Mwenye magazini anaona zile mita tatu za mbele zimebaki bure, anajenga ukuta kati ya nguzo na nguzo, anaweka vitrini mpya, anafunika yote na alukobondi, vibao vya aluminiamu vya kungaa, mpaka juu ya ule ukuta wenye mwaka wake. Amepata duka kubwa zaidi. Ila sasa vitrini inapigwa na jua saa sita yote, ndani kunakuwa tanuru, anaweka klimatizasio, na umeme ikikatika anawasha jenereta, na anaiweka inje, pale pale fundi wa nguo alikuwa anakaa. Mupita njia anashuka mu barabara kati ya mamotari. Nyumba haijabomolewa, mutu atakuambia tazama, tumeitunza hata tumeipendezesha.

Ukitaka kuona, fanya vile nafanyaka: simama ngambo ya avenyu, usiangalie duka, angalia juu ya alukobondi. Mara mingi kichwa ya nyumba ingali pale, na ngazi zake, na balkoni, na manjanja ya zamani nyuma. Kisha shusha macho utafute nguzo. Ukiona vitrini yenye inatoka mbele kuliko ya majirani wake kwa hatua tatu, pale kulikuwa barza, na yule mama wa kadi za simu mwenye amefungua mwavuli yake ku jua, hatua mbili toka pale, alikuwa anakaa ndani ya kivuli chake.